Genova kwa Mgeni wa Siku Chache: Anzia Bandarini

Ukimwambia mtu anayeijua Italia kwamba unakwenda Genova, yaelekea atakushauri uufanye mji huo mahali pa kulala tu, kwa kuwa vyumba vyake ni nafuu kuliko vya vijiji vya pwani, kisha kila asubuhi upande treni kwenda Portofino au Cinque Terre ukapige picha za nyumba za rangi zilizojengwa ukingoni mwa bahari. Mimi pia nilipewa ushauri huo, tena na watu wenye nia njema, na makala haya nimeyaandika ili kuupinga. Mgeni mwenye siku chache mjini Genova hana sababu ya kutoka nje ya mji, na sehemu kubwa ya mambo yanayostahili muda wake yamo katika kipande cha ardhi ambacho mtu hukikatiza kwa miguu bila kuchoka, kati ya gati la zamani na kilima cha Castelletto. Sharti ni moja: aanzie bandarini na kupanda, asianzie juu na kushuka, kwa sababu mji huu ulijengwa na watu waliokuwa wakitazama meli zao, na asiyejua walichokuwa wakikitazama ataona makanisa na majumba yasiyo na mwisho bila kuelewa fedha za kuyajengea zilitoka wapi.

Genova imebanwa. Nyuma yake milima ya Apennini inateremka hadi karibu na maji, mbele yake ni bahari, na katikati ya viwili hivyo watu zaidi ya nusu milioni wamejipanga kadiri nafasi ilivyoruhusu. Kwa kuwa ardhi tambarare imekuwa adimu tangu Zama za Kati, nyumba za mji wa kale zilienda juu, orofa sita hata saba, zikiacha kati yake vichochoro ambavyo wenyeji huviita caruggi, na ambavyo baadhi yake ni vyembamba kiasi kwamba watu wawili wenye mizigo hulazimika mmoja asimame kando ili mwenzake apite. Bandari ya kisasa yenye makontena na winchi kubwa imesogea upande wa magharibi, lakini haikuhama mji: ukisimama popote palipoinuka unaziona feri za kwenda Sardinia, Corsica na Tunis zikipakia magari, na nyuma yake mnara wa taa unaoitwa Lanterna, uliojengwa upya kwa umbo lake la sasa mwaka 1543, wenye urefu wa karibu mita 77, ambao mpaka leo unaongoza meli.

Mahali pa kuanzia ni uwanja wa Caricamento. Sitadanganya kwamba ni pazuri. Kando yake inapita barabara ya magari iliyoinuliwa kwenye nguzo, iliyofunguliwa mwaka 1965, ambayo inautenga mji na bahari yake kwa namna ambayo bado wenyeji wanabishana kama ibomolewe au iachwe. Upande mmoja wa uwanja huo lipo Palazzo San Giorgio, jengo ambalo kwa maoni yangu linatosha peke yake kuhalalisha nauli ya kufika Genova. Sehemu yake ya kale ilijengwa mwaka 1260 kwa agizo la Guglielmo Boccanegra, aliyeutawala mji wakati huo. Ukuta wake unaoelekea baharini umejaa picha zilizochorwa juu ya lipu, na katikati yake Mtakatifu George, msimamizi wa mji, amempanda farasi akimuua joka. Jengo hilo limewahi kuwa makao ya serikali, forodha na gereza, kisha likawa makao ya Benki ya San Giorgio, iliyoanzishwa mwaka 1407 na watu walioikopesha fedha Jamhuri ya Genova, maana mji huu wakati huo ulikuwa dola huru, ambayo ilifikia hatua ya kukabidhiwa kisiwa kizima cha Corsica ikitawale kwa niaba ya serikali iliyoshindwa kumudu gharama zake. Leo ni ofisi za mamlaka ya bandari. Katika ukumbi wa juu zimo sanamu za wafadhili, na mpangilio wake unaeleza tabia ya mji huu kwa ufasaha kuliko mtembezaji watalii yeyote: aliyetoa fedha nyingi zaidi amechongwa ameketi, na aliyetoa pungufu ameachwa asimame.

Katika gereza la jengo hili, kwa mapokeo ya mji, ndimo alimofungwa Marco Polo baada ya meli za Venezia kushindwa na za Genova katika vita vya Curzola mwaka 1298. Akiwa kifungoni alimsimulia safari zake mfungwa mwenzake, Rustichello wa Pisa, aliyekuwa mwandishi wa hadithi, na masimulizi hayo yakawa kitabu kilichosomwa Ulaya nzima. Msomaji wa pwani yetu ana sababu ya pekee ya kusimama hapa, maana Zanzibar imo ndani ya kitabu hicho. Marco Polo hakufika huko. Aliyoyaandikisha ni ya kusikia kwa mabaharia, na yanaonekana kuwa ni ya kusikia. Anakitaja kisiwa chenye mzunguko wa maili 2,000, pengine kwa kuchanganya kisiwa na pwani nzima, ilhali Unguja ina urefu wa kilomita 85 hivi. Kuhusu ndovu, twiga na biashara ya pembe hakukosea. Kuhusu maumbile ya watu aliandikisha maneno yasiyo na adabu ambayo sioni haja ya kuyarudia, na kuhusu dini alidai kwamba wote waliabudu sanamu, wakati msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya mwaka 500 Hijiria, yaani 1107 Miladia, karibu karne mbili kabla ya yeye kutiwa ndani. Hivyo ndivyo wasomaji wengi wa Ulaya walivyopata habari zetu kwa mara ya kwanza: zilitungwa gerezani na watu wawili ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukanyaga huko.

Katika uwanja huohuo imesimama sanamu ya Raffaele Rubattino, mwenye meli wa Genova wa karne ya 19, na watalii wengi huipita bila kuitupia jicho. Waitalia humkumbuka kwa sababu meli mbili za kampuni yake, Piemonte na Lombardo, ndizo zilizowabeba Garibaldi, mpigania umoja wa Italia, na wapiganaji wake kutoka Quarto, kitongoji cha Genova, mwaka 1860. Sisi tunapaswa kumkumbuka kwa jambo jingine. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, kampuni ya Rubattino ilihitaji kituo cha makaa ya mawe katika Bahari ya Shamu, na mwaka huohuo padri aliyeitwa Giuseppe Sapeto alinunua kwa niaba yake ardhi ya ghuba ya Asab kutoka kwa masultani wa huko. Mwaka 1882 serikali ya Italia ikaichukua ardhi hiyo mikononi mwa kampuni, na kutokea hapo likakua koloni la Eritrea. Miaka kumi baadaye Sultani wa Zanzibar alikuwa akiikodisha Italia bandari zake za Benadir, yaani Barawa, Marka, Mogadishu na Warshekh, na mwaka 1905 zikauzwa moja kwa moja kwa pauni 144,000. Wabarawa, ambao lahaja yao ya Chimiini ni ndugu wa Kiswahili tunachokiandika hapa, waliingia chini ya bendera ya Italia kwa karatasi zilizotiwa saini na watu wasiowauliza. Sisemi kwamba Rubattino alikusudia yote hayo. Alitaka makaa ya mawe kwa ajili ya boti zake. Lakini kati ya sanamu yake na lile jengo alimofungwa Marco Polo ni mwendo wa dakika moja au mbili, na ndani ya mwendo huo mgeni atokaye Afrika Mashariki anauona mwambao wake ukianza kama uvumi na kumalizika kama mkataba.

Baada ya hapo njaa huuma, na kwa bahati nzuri dawa yake iko jirani. Upande wa mji wa uwanja huo zinapita baraza ndefu za matao ziitwazo Sottoripa, zilizoanza kujengwa katika karne ya 12 wakati maji ya bahari yalipokuwa yakifika karibu na milango yake, na chini yake yapo maduka madogo ya kukaanga samaki, ngisi na chewa, ambapo chakula hufungwa katika karatasi na kuliwa wima. Kitu cha kutafuta zaidi ni farinata. Ni unga wa dengu uliokorogwa kwa maji, chumvi na mafuta mengi ya zeituni, ukaachwa kwa saa kadhaa, kisha ukamiminwa katika sinia la shaba lenye upana wa kama meta moja na kusukumwa ndani ya tanuri la kuni. Mtu aliyekulia Mombasa atajua kilichomo kabla ya kukiona, kwa sababu harufu ya unga wa dengu ukikutana na moto ni ileile ya karai la bajia saa kumi jioni. Nilisimama mbele ya tanuri moja nikimtazama mama aliyekuwa akilizungusha sinia kwa mti mrefu wenye ndoano, robo mzunguko kila baada ya muda, ili upande uliokuwa karibu na moto usitangulie kuiva. Alipolitoa, juu palikuwa na rangi ya dhahabu yenye madoa ya kahawia, na chini, alipoingiza kisu, kilichokuwa laini kama uji mzito kilitikisika kidogo. Nilimwomba kipande cha katikati. Akatikisa kichwa, akanikatia cha pembeni, akaninyunyizia pilipili manga na kuniambia kwamba mgeni aanze na kikavu, cha katikati ataomba kesho. Kesho yake niliomba. Alikuwa na haki.

Msomaji anayechunga halali atapata unafuu Genova kuliko katika miji mingi ya Italia, kwa kuwa vyakula vingi vya asili vya hapa ni vya unga, mboga, samaki na mafuta ya zeituni. Hata hivyo, aulize kabla ya kula focaccia, ule mkate bapa unaoliwa tangu asubuhi (wenyeji huuchovya katika kahawa ya maziwa, jambo ambalo linashangaza mpaka ulijaribu), kwa sababu baadhi ya waokaji hutia mafuta ya nguruwe. Pesto ya kweli, yaani mchuzi mzito wa kijani wa kulia tambi, hutwangwa katika kinu cha marumaru kwa mchi wa mti: rehani changa yenye majani madogo, inayosifiwa zaidi ikiwa imelimwa Prà upande wa magharibi wa mji, kitunguu saumu, mbegu za msonobari, jibini, chumvi na mafuta. Maduka ya nyama ya halali yapo katika mtaa wa Prè, ambao ni makazi ya watu wa Senegal, Moroko na kwingineko.

Mtaa huo wa Prè, unaoanza karibu na kituo cha treni cha Piazza Principe, hutajwa vibaya katika miongozo mingi, na sehemu ya sifa hiyo ni ya haki. Usiku, vichochoro vya huko na vile vya Maddalena vina biashara ambazo mgeni hapaswi kuzichungulia, na simu haifai kushikwa mkononi kama tochi. Mchana ni mitaa ya kawaida yenye vinyozi, maduka ya kutuma fedha, ndizi za kupika na vitambaa vya rangi kali, na mimi nilijisikia mwenyeji zaidi huko kuliko katika mitaa ya maduka ya viatu vya bei. Jambo la kujua unapotafuta anwani ni kwamba Genova ina orodha mbili za namba katika mtaa mmoja: nyeusi kwa nyumba za kuishi na nyekundu kwa maduka na biashara, kila orodha ikihesabiwa peke yake, hivyo namba 20 nyekundu inaweza kuwa mbali kabisa na namba 20 nyeusi. Simu yako pia huchanganyikiwa, kwa kuwa kuta ndefu huvuruga mawimbi. Dawa ni kukumbuka mteremko: ukishuka utafika baharini, ukipanda utafika mtaa wa Garibaldi.

Njiani lipo kanisa kuu la San Lorenzo, lililojengwa kwa milia ya mawe meusi na meupe. Watu hulipigia picha kwa nje na kuondoka, na hapo wanakosa kitu kilichosimamishwa ndani, upande wa kulia: kombora la mzinga la Waingereza, refu kama mtoto wa darasa la kwanza. Tarehe 9 Februari 1941 manowari za Uingereza ziliupiga mji kwa mizinga kutoka baharini, na kombora moja likapasua ukuta wa kanisa, likaanguka ndani, lisilipuke. Maandishi yaliyo karibu yanashukuru kwa muujiza huo. Mji haukuwa na muujiza mwingine siku hiyo, maana watu wengi walikufa katika nyumba za jirani.

Kutoka hapo ni hatua chache hadi uwanja mdogo wa San Matteo, ambao ndio nilioupenda kuliko vyote, na ambao unaweza kuupita usiuone. Ulikuwa mali ya ukoo mmoja, ukoo wa Doria, wenye kanisa lao na nyumba zao kuuzunguka, na ukuta wa mbele wa kanisa hilo umechongwa maandishi ya Kilatini yanayotangaza ushindi wa wanaukoo baharini, ukiwemo ule wa Lamba Doria huko Curzola. Tedisio Doria wa ukoo huu alikuwa miongoni mwa waliogharimia safari ambayo ukuta hauisemi, kwa kuwa haikuleta chochote cha kujivunia. Mwaka 1291 ndugu wawili wa Genova, Ugolino na Vadino Vivaldi, waliondoka na merikebu mbili za makasia, wakavuka mlango wa bahari wa Gibraltar na kuelekea kusini kwa nia ya kufika India kwa kuizunguka Afrika, zaidi ya miaka 200 kabla Vasco da Gama hajatia nanga Mombasa na Malindi. Hawakuonekana tena. Inasimuliwa kwamba miaka mingi baadaye mwana wa Ugolino, aitwaye Sorleone, alikwenda kumtafuta baba yake akafika mpaka Mogadishu, bila mafanikio. Kama kisa hicho ni cha kweli, basi mwambao wetu ulipokea mtoto mwenye msiba kutoka mji huu karne mbili kabla ya kupokea mizinga ya Wareno.

Mtaa wa Garibaldi, juu kidogo, unajulikana sana na sitaukalia. Ulifunguliwa katikati ya karne ya 16 kwa ajili ya matajiri waliochoshwa na vichochoro, na ni robo kilomita tu ya majumba yaliyopangwa pande zote mbili. Kilichonivutia ni sheria kuliko marumaru. Jamhuri ya Genova haikuwa na mfalme wala ikulu ya kupokelea wageni, kwa hiyo mwaka 1576 iliandaa orodha rasmi, ziitwazo rolli, za majumba ya watu binafsi yaliyopangwa kwa madaraja, na mgeni wa taifa alipofika, mwenye kumpokea alichaguliwa kwa kura kulingana na cheo cha mgeni huyo. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone. Nadhani mwenye jumba aliyeangukiwa na kura ya kumlisha kardinali na watumishi wake wote alikuwa na maoni tofauti. Majumba 42 kati ya hayo yaliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006. Ukiwa na muda wa moja tu, ingia Palazzo Rosso, kwa ajili ya picha za ukoo wa Brignole-Sale zilizochorwa na Van Dyck alipoishi mjini hapa katika miaka ya 1620.

Mwisho wa mtaa huo, katika uwanja wa Portello, kuna mlango wa handaki uliofunikwa vigae, na ndani yake lifti iliyoanza kazi mwaka 1909 ambayo hukupandisha hadi Castelletto. Wenyeji huitumia kurudi nyumbani na mifuko ya sokoni, na kila mgeni anapaswa kupanda nao. Huko juu mapaa ya mawe ya kijivu yamesongamana hadi bandarini, na sasa kwa kuwa umekwisha kutembea chini yake unaweza kuutaja kila mnara kwa jina, jambo ambalo anayeanzia juu hawezi.

Gati la zamani, lililofanywa upya na msanifu majengo Renzo Piano, mzaliwa wa Genova, kwa maonyesho ya mwaka 1992, lina akwariamu maarufu yenye foleni ndefu. Wenye watoto hawataikwepa, na mimi niliipita. Galata, jumba la makumbusho ya bahari lililofunguliwa mwaka 2004, linastahili zaidi, hasa sehemu inayohusu uhamiaji. Maelfu kwa maelfu ya Waitalia walipandia hapa meli za kwenda Argentina, Brazil na Marekani wakiwa na masanduku ya mbao, na maswali waliyoulizwa mlangoni mwa nchi za watu yanafanana kwa kiasi cha kutia uchungu na wanayoulizwa leo vijana wa Prè.

Nje kidogo ya kiini cha mji, kwa basi, yako makaburi ya Staglieno, yaliyofunguliwa mwaka 1851, na hapo ndipo ningekwenda na nusu siku iliyobaki. Wafanyabiashara wa karne ya 19 walijichongesha kwa marumaru wakiwa na vifungo, kamba za viatu na mikunjo ya shali, na kati yao yumo Caterina Campodonico, mama muuza njugu wa kwenye maonyesho na sikukuu za vijijini. Aliweka akiba senti kwa senti, akamlipa mchongaji Lorenzo Orengo, na mwaka 1881, akiwa bado hai, sanamu yake ikasimama: mwanamke mnene aliyevaa nguo zake bora, mkononi mashada ya njugu zilizotungwa kwenye uzi na mikate ya kuuza, na chini yake shairi la lugha ya Genova linaloeleza alivyouza bidhaa zake juani, kwenye upepo na mvuani. Nilimtazama kwa muda mrefu kuliko wafanyabiashara wote. Vaa viatu vya kupandia mlima, kwa sababu sehemu ya juu ya makaburi hayo, alikozikwa Giuseppe Mazzini, mpigania umoja wa Italia mwingine, iko kwenye mteremko mkali wenye miti, na ulizia saa ya kufunga kabla hujaanza kupanda.